Kasha la Mapenzi ya Kale Malindi: Vitabu Ambamo Bibie Anajitoa Mwenyewe

Kati ya mabanda ya vitabu vya mitumba mjini Malindi, liko moja lililowatengea wapenzi wa riwaya za mapenzi ya kihistoria makasha mawili mazima. Kwingine vitabu hivi huchanganywa na vya shule na vya mapishi, ukabaki kuchakura. Hapa vimepangwa kwa zama: vya Uingereza ya Regency, yaani ya mwanzoni mwa karne ya 19, peke yake, vya Uskoti, vya enzi ya Malkia Victoria, na upande mmoja vile vichache vya baharini na vya pwani zetu. Karibu vyote ni vya Kiingereza. Kitabu chembamba ni shilingi 150, kinene 250, na ukirudisha ulichosoma kikiwa kizima unaongeza 70 ukapewa kingine. Kwa msomaji wa vitabu viwili kwa wiki, hiyo ni bei ya haki kabisa.

Kasoro iko katika yaliyomo. Miaka hii kila jalada linatangaza mwanamke jasiri asiyehitaji mwokozi, na wasomaji wengi hufika bandani wakitaka huyo hasa. Wakifika nyumbani wanamkuta bibie wa maneno makali ambaye, siku ya siku, anakaa kwenye chumba kilichofungwa akingoja mlango uvunjwe na bwana. Mwenye banda hana lawama hapo, kwa maana anapokea robota kama lilivyofungwa huko ng'ambo. Kazi ya kuchagua ni ya mnunuzi, na inataka dakika kumi za kusimama.

Jalada liache. Picha ya gauni linaloteleza begani huwekwa na wauzaji, mara nyingi bila uhusiano na hadithi. Geuza nyuma usome muhtasari ukifuata vitenzi. Bibie akiwa ndiye anayeiba barua, anayeuza mkufu, anayekodi gari, anayeghushi saini, kishike kitabu hicho. Vitenzi vyake vikiwa vyote vya kutendewa, yaani anatekwa, anaozwa, anafichwa, anapendwa, basi kirudishe kashani.

Kisha pitia kurasa hamsini za mwanzo ukitafuta vitu vinne: fedha iliyo yake mwenyewe hata kama ni kidogo, ujuzi wa mkono, mtu mmoja wa kuaminika asiyekuwa mpenzi wake, na njia ya kutokea anayoijua. Mwandishi mzuri huvitandaza mapema bila kelele. Bibie anaonekana akihesabu senti za mayai, au akimsaidia baba yake daktari kufunga vidonda, au akiyajua maji ya mto kwa sababu alilelewa kandoni mwake. Ukikosa vyote vinne, tayari unajua nani atakuja kumtoa.

Halafu ruka hadi sehemu ya nne kwa tano. Kwa kitabu cha kurasa 370, hapo ni kati ya ukurasa wa 290 na 310. Utekaji, moto, ndoa ya kulazimishwa na kesi mahakamani hukaa hapo karibu kila mara, kwa kuwa aina hii ya hadithi ina umbo lake. Tazama ni mkono wa nani ulio kwenye kitasa. Mwisho soma aya mbili tatu za sura ya kufungia ujue nyumba, shamba au duka lililoanza kuwa lake limeishia kwa nani.

Hapo kwenye nne kwa tano ndipo vitabu vingi vinapoharibika, na sababu inaeleweka. Bwana katika riwaya hizi huwa amemkosea bibie mahali fulani katikati: amemdhania uongo, amemficha jambo, amemwacha. Mwandishi anahitaji tendo kubwa la kumsafisha, na tendo lililo karibu ni uokozi. Ili uokozi huo upate nafasi, bibie lazima apokonywe akili kwa sura mbili. Aliyejua kufungua kufuli kwa pini ya nywele katika sura ya tatu anasahau kabisa katika sura ya ishirini. Msomaji anauhisi udanganyifu huo hata asipoweza kuutaja. Waandishi wanaoijua kazi wana dawa yake: bwana anajisafisha kwa kuomba radhi na kwa kutii mpango wa bibie. Anashika taa, anatoa ushahidi, anamletea farasi mahali alipoagizwa na kwa saa aliyoagizwa. Kusaidiwa hakumpunguzii mwanamke kitu, mradi mpango ni wake.

Kwa vitabu vya Uingereza, sheria ndiyo gereza lenyewe. Msomaji wa Malindi au Lamu asipoijua atashindwa kuona ugumu ulipo, maana kwetu mambo yalikuwa tofauti. Chini ya sheria ya Kiingereza ya wakati huo mke alimezwa na mume. Fedha zake, vito vyake, mshahara wake vilikuwa vya mume tangu siku ya ndoa, na ardhi yake aliisimamia mume. Sheria ya 1870 ndiyo iliyomruhusu mke kubaki na ujira wake, na ile ya 1882 ndiyo iliyomtambua kama mwenye mali kamili. Kwa hiyo bibie wa mwaka 1815 anayekimbilia ndoa ili "awe huru" ametoka kwa mlinzi mmoja na kuingia kwa mwingine. Kitabu kizuri kinalijua hilo, na kinamwonyesha akidai hati ya amana iandikwe kabla ya ndoa, mali ishikwe na wadhamini kwa manufaa yake. Ukiona ukurasa ambamo bibie anabishana na wakili juu ya hati hiyo, kinunue. Mabishano hayo yanamwokoa kuliko upanga.

Kutorokea Gretna Green, Uskoti, ili kuoana bila ridhaa ya wazazi nako kunahitaji kupimwa. Sheria ya ndoa ya 1753, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ilitaka tangazo kanisani Jumapili tatu au leseni, na aliye chini ya miaka 21 hakupata leseni bila ridhaa ya baba au mlezi. Uskoti haikuhusika, na Gretna ni kijiji kilicho mpakani tu. Lakini kutoka London ni kilomita 500 hivi kwa gari la farasi, usiku na mchana, farasi wakibadilishwa kituo hadi kituo na kila kituo kikilipiwa. Bibie asiye na pesa hafiki. Anayefika kwa pesa za mwanamume hajajitoa, amesafirishwa. Na hadithi ikiwa ni ya baada ya 1856, ndoa ya papo kwa papo ilikuwa imekwisha: sheria ilitaka mmoja wao awe amekaa Uskoti siku 21.

Talaka? Kabla ya 1857 ilipitia Bungeni, kwa gharama ya matajiri. Baada ya hapo mume alihitaji kuthibitisha uzinzi tu, ilhali mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine kama ukatili au kutelekezwa. Ndiyo maana katika kasha la Regency mabibi wenye nguvu zaidi ni wajane. Mjane alisaini mikataba, alishika fedha, alishtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Ukitaka kuanza bila kukosea, omba vya wajane kwanza.

Mavazi na silaha ni rahisi kuvikagua. Gauni la 1815 ni jepesi, kiuno kiko chini ya kifua, kwa hiyo kushuka dirishani kwa shuka iliyofungwa mafundo kunawezekana. Sketi ya pete za chuma ni ya miaka ya 1850, na kukaza kiuno hadi mtu azimie kulikuja baada ya vijicho vya chuma kuanza kutiwa kwenye kamba za koseti mwaka 1828. Bibie wa Regency anayezirai kwa koseti ni alama ya mwandishi aliyetazama filamu tu. Kuruka viunzi juu ya tandiko la upande nako kulikuwa hatari kubwa kabla ya miaka ya 1830, wakati pembe ya pili ya kubana paja ilipoongezwa.

Bastola za wakati huo ni za gumegume, risasi moja. Kujaza upya ni kumimina baruti, kutia risasi, kushindilia, kisha kutia baruti kidogo kwenye kisahani, na aliyezoea hutumia robo dakika au zaidi kama mkono unatetemeka. Mvua ikikilowesha kisahani, hakuna mlio. Bibie anayefyatua mara tatu mfululizo kwenye mvua ya Uskoti ameokolewa na mwandishi. Yule anayejua ana risasi moja, akaitumia kuvunja taa ili chumba kiwe giza, huyo amefikiri.

Nije kwenye upande wa kasha unaotuhusu zaidi, vile vichache vilivyowekwa Lamu, Pate, Unguja na baharini. Vinapendeza kwa majina ya mahali, na ndivyo vyenye makosa mengi kuliko vyote. Waandishi wake huichukua sheria ya Kiingereza na kuivika kanzu. Mume anainyakua nyumba ya mke asubuhi ya harusi, na kisa kizima kinasimama juu ya hilo. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni ya mke, na mali aliyoingia nayo inabaki yake. Lamu tangu zamani baba mwenye uwezo humpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Ukitaka kumweka mwanamke wa Lamu katika dhiki ya kweli, dhiki hiyo itoke panapostahili: walii anayemkatalia mchumba, ndugu wanaochelewesha kugawa mirathi, deni la familia linalodaiwa kwa nyumba yake, mume anayekataa kutoa talaka hadi arudishiwe mahari kwa khului. Kila mlango kati ya hiyo una ufunguo wake kwa kadhi, kwa mashahidi, kwa hati. Bibie anayeutafuta ufunguo huo kwa kurasa mia moja anasisimua kuliko anayeruka ukuta.

Na kama lazima atoroke, jiji la mawe limempa njia ambayo waandishi wa nje hawaijui. Nyumba za Lamu huunganishwa juu ya kichochoro kwa wikio, na wanawake walipita kutoka nyumba hadi nyumba bila kukanyaga barabara. Njia ya kutoroka inaanzia huko juu, kwa msaada wa mwanamke jirani. Akishuka barabarani mwaka 1850, mwungwana hajifichi ndani ya buibui, kwa kuwa buibui lilienea pwani karibu na mwanzo wa karne ya 20. Kabla yake lilikuwapo shiraa, kitambaa kikubwa kilichoshikiliwa juu ya fito na watumwa, yeye akitembea katikati. Hapo pana swali ambalo vitabu vingi vya kasha hili vinalikwepa: huyo mjakazi anayeshika fito anaokolewa na nani? Mashamba ya Malindi ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa, wengi wao wanawake, na watoro walijenga makazi yao kama Fuladoyo, huku wengine wakikimbilia Witu. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa pwani ya Kenya mwaka 1907. Riwaya ya mapenzi yenye mtoro wa kike kama mhusika mkuu, anayejua msitu, visima na siku za soko, ndiyo ninayoona imekosekana kuliko zote, na mwenye banda anasema wasomaji humwulizia.

Baharini ndiko wanakoanguka wengi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo inayomshusha mtu kutoka Lamu kwenda Unguja. Kusi inashika kuanzia Aprili, na Juni na Julai bahari inachafuka sana. Bibie anayetoka Lamu kwenda Unguja mwezi wa Julai ana upepo usoni. Jahazi litakuwa linabisha siku nzima, yaani likienda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, na kila kubisha ni kuhamisha foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lenyewe zito upande wa pili wa mlingoti, kazi ya mabaharia kadhaa. Peke yake hawezi jahazi. Dau dogo au hori anaweza, kwenye maji yaliyokingwa na visiwa.

Maji yenyewe pia yana saa zake. Mkanda, ule mfereji kati ya kisiwa cha Manda na bara, chombo kinachozama kidogo tu hupita maji yakiwa yamejaa. Waandishi hupenda usiku wa giza, saa sita, mwezi haupo. Sasa mwezi ukiwa mwandamo ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa kiasi kikubwa, na bamvua za pwani yetu hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Saa sita usiku maji ndiyo kwanza yameanza kupanda na Mkanda umejaa tope. Kila siku inayofuata maji huchelewa dakika 50 hivi. Bibie aliyelelewa Lamu anayajua haya, basi angesubiri hadi saa tisa, avuke na maji yanayojaa, na wanaomfuata wakiamka baada ya alfajiri wakute yanapwa. Hesabu hiyo tu ingeweza kuwa sura nzima ya kukata pumzi. Katika vitabu vya pwani vilivyopo kashani sikuona hata kimoja kilichoifanya.

Wasimulizi wetu walijua kutanguliza vifaa. Fumo Liyongo akiwa kifungoni, mama yake alioka mkate wa wishwa akatia tupa ndani, akijua walinzi watakula mikate mizuri na kuuacha ule duni. Mpango ni wa mama, na mchukuzi ni Saada, mjakazi. Masimulizi ya Pate yanamtaja Mwana Darini, mjane ambaye siwa ya sultani, lile baragumu kubwa la heshima, haikupatikana kwa tohara ya mwanawe, akamwagiza fundi amchongee nyingine kwa pembe ya ndovu, kwa siri, ndani ya nyumba. Siwa ya pembe ya Pate iko Makumbusho ya Lamu, mtu anaweza kwenda kuitazama. Mwana Darini hakushika silaha. Alishika fedha, fundi na siri, akairudisha heshima ya ukoo wake mbele ya mji mzima.

Sayyida Salme, binti wa sultani wa Unguja, aliondoka mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, akamngoja mchumba wake Mjerumani, wakaoana 1867. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu Hamburg, akamwachia watoto watatu katika nchi isiyo yake, na mirathi aliyoidai Unguja hakuipata. Maisha yake ni kipimo kizuri kwa riwaya: je, mwandishi amempa bibie bei ya kulipa, au kila kitu kimerudi mikononi mwake katika ukurasa wa mwisho? Mekatilili wa Menza, ambaye Malindi imempa bustani na sanamu, alipelekwa kifungoni Kisii, akatoroka mwaka 1914, na inasimuliwa kuwa alirudi Giriama kwa miguu. Alikamatwa tena. Mwandishi anayetaka mwanamke mwenye nguvu asiogope kumfanya ashindwe mara ya kwanza.

Kuhusu hali ya vitabu: joto la Malindi hukausha gundi ya mgongo, na kitabu kikikunjwa nyuma kinakatika katikati. Kifungue taratibu kwenye kurasa za kati usikilize, kikilia kama kijiti kikavu kiache. Kagua kurasa 30 za mwisho, ndizo hung'oka kwanza, na kwa riwaya ya mapenzi hasara ya kurasa hizo ni kubwa. Madoa ya kahawia ni ya unyevu wa zamani na hayadhuru usomaji. Ukungu wenye harufu unahamia vitabu vingine, usiupeleke nyumbani. Angalia pia namba ya mfululizo. Vitabu vingi ni vya ndugu wa familia moja, na ukianza na cha tatu umeshajua cha kwanza na cha pili vilivyoishia. Mwenye banda huandika namba kwa penseli ndani ya jalada, huduma ambayo mabanda mengine hayana.

Walio Lamu wanaweza kuagiza. Anatuma picha za migongo ya vitabu kwa simu, mteja anachagua, na kifurushi kinapanda basi hadi Mokowe kisha boti. Mwambie avifunge kwa nailoni mara mbili kabla ya katoni, kwani kwenye boti katoni huwekwa sakafuni na maji ya chumvi huingia. Nauli ya kifurushi ni ile ile kwa vitabu vitatu au kumi, kwa hiyo agizeni kwa pamoja watu wawili watatu. Kubadilisha kwa njia ya basi hakuna faida. Subiri mtu anayeshuka Malindi umpe virudi naye. Robota jipya hufunguliwa mwanzoni mwa mwezi, na vya wajane huisha siku hiyo hiyo.